Siku Wagika na Wagalu Waliposhindana kwa Kiingereza

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka kifua kinajaa. Unaniona na mkongojo huu, unadhani bibi anajua choroko na mtama tu. Haya, kabla hujashika safari yako, weka simu hiyo chini, unisikilize.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Tulikuwa tumehamishwa juzi juzi, tukapangwa kwa mistari huku Bariadi, ukuta kwa ukuta na watu ambao zamani tulikutana nao kwenye mbina tu. Mbina ni ngoma yetu ya mashindano. Pande ni mbili, Wagika na Wagalu, na kila familia ina upande wake. Zote zinacheza uwanja mmoja, saa ile ile, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wa mwenzake wavuke kuja kwake. Mimi Kabula ni Mgalu, na Mgalu haitikii wimbo wa Mgika hata umpe ng'ombe.

Kiingereza alitufundisha mwalimu Zuberi, kijana wa Bariadi mjini, mtoto wa mwenye duka. Alituletea kitenzi kimoja, *get*, akasema kina kazi nyingi kuliko mama wa mapacha. *Get up*, amka. *Get wet*, lowa. *Get well*, pona. *Get lost*, potea. Akakitungia wimbo, na wa kuuongoza akamchagua Kulwa, ambaye ni Mgika. Basi! Nusu ya darasa tukafunga vinywa. Kesho yake akanichagua mimi, na nusu ile nyingine ikanuna. Maskini, akadhani tuna vichwa vigumu.

"Mkaguzi anakuja," alituambia siku moja, jasho linamtoka. "Safari iliyopita alikuta mabubu. Akiwakuta mabubu tena, mimi nahamishwa, na kipindi hiki kinakuwa cha shamba la pamba. Mtihani wa sekondari mtajibu nini?"

Niliumia, mwanangu. Sekondari niliitaka kuliko chakula, na pamba nilishaijua tangu naanza kushika jembe. Nikasimama.

"Mwalimu, unatuimbisha kama kwaya. Sisi hatuna wimbo mmoja. Tugawe Wagika na Wagalu, tushindane."

Akaniangalia, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe ndiyo shida! Na mimi niko upande gani?"

"Wewe huna upande," Kulwa akamjibu. "Wewe ni uwanja."

Mkaguzi alipofika alitukuta nje na ngoma mbili. Wazazi waliposikia ngoma asubuhi ile, nani angebaki shambani? Sheria ilikuwa rahisi: upande mmoja unatamka kazi moja ya *get* na kuiigiza, mwingine unajibu kwa kazi nyingine, na kurudia ni marufuku. Wagika wakalala chini, wakaruka, *get up!* Sisi tukajimwagia maji ya mtungi, *get wet!* Wakaugua wakapona. Tukapotea, tukaitana kama wachungaji. Wazazi wetu, ambao Kiingereza hawakujua hata neno, walielewa yote, wakawa wanavuka huku na huku.

Kisha Kulwa akatoa *get angry*. Alikasirika yule mtoto, alikasirika hasa! Watu wote wakaenda kwake. Upande wetu akabaki baba yangu peke yake, mikono kifuani. Baba huyo huyo alikuwa ameshaanza kupokea wageni wa kuniposa.

Nikajifunika khanga ya mama, nikainama, nikatembea kama bibi harusi. *Get married!* Kina mama wakapiga vigelegele. Halafu nikaitupa khanga, nikaitoroka harusi mbio kuzunguka uwanja mzima nikipaza sauti, *get away! get away!*

Wee! Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Watu wakavuka, wanawake mbele. Mkaguzi naye, na viatu vyake vya kung'aa, akavuka. Baba akaishusha mikono yake kifuani, akasema, "Huyu aende shule."

Mwalimu Zuberi hakuhamishwa, na mtihani tulifaulu mimi na Kulwa. Nami nikaja kufundisha kitenzi kile kile huko Lagangabilili mpaka nikastaafu, kila mara nikichora mstari katikati ya darasa.

Sasa nasaha yangu, mwanangu. Kiingereza kisome, tena kisome vizuri, lakini asikudanganye mtu kwamba lazima uiache ngoma yako mlangoni ndipo elimu ikuingie. Ingia nayo. Na siku ukipewa watu uwaongoze, ukaona wamenyamaza, usiwaite wajinga. Jiulize kwanza wimbo unaowapa ni wa nani.

Nenda salama. Mungu akupe sauti, mwanangu, na akupe watu wa kuvuka uwanja kuja kuisikia.