Tyubu ya Lori Iliyonizamisha Ukweni

Bado nina hasira ninapowasimulia haya. Mimi ni fundi pancha wa Tunduma, naziba tyubu za malori kutwa nzima, na juzi nilibeba moja hadi ukweni, karibu na Ivuna. Ukiijaza upepo na kufunga gunia la kukalia katikati yake, unaelea nayo hadi kwenye kina cha bwawa, kule kambale wamejaa, maana kijijini hakuna mwenye mtumbwi wa kufika.

Siame, mdogo wa mke wangu, ndiye aliyeijaza upepo. Nilirusha ndoano yangu kwa fimbo ya kuvulia mara kadhaa, kisha nikasikia upepo unatoka, na makalio yangu yakaanza kuzama. Nikawaka. Nilimtukana Siame mbele ya wachungaji waliokuwa wakinywesha ng'ombe: ameiburuta tyubu kwenye miiba, hajui hata kushika pampu, anataka dada yake awe mjane. Kelele zikamtoa nyumbani mama mkwe, ambaye kwa heshima hata usoni simtazami.

Siame aliingia majini, akanikokota hadi ukingoni, akaipapasa tyubu.

"Shemeji," akasema, "hebu vuta fimbo yako."

Nilikuwa bado nimeishika, na bado natukana. Nikaivuta kwa hasira. Tyubu ikaruka kutoka mikononi mwake ikanifuata, ndoano yangu ikiwa imezama ubavuni mwa tyubu hiyo.

Mama mkwe hakuniuliza mimi, aliwauliza wachungaji: "Na huyu ndiye fundi pancha?"