Mia Tatu Arobaini na Tisa

Nedyalka alikuwa karani wa kijiji chetu, Suhi Brod, miaka thelathini na moja. Akizaliwa mtu, anaandika yeye. Akifa mtu, anaandika yeye na kugonga muhuri. Kazini hakuwa na masihara. Niliwahi kumwomba anipunguzie miaka miwili kwenye cheti, akanisuta mbele za watu: “Donka, hata mbuzi wako wanajua una sitini.”

Sheria yetu ni hii: kijiji chenye watu mia tatu na hamsini hujichagulia meya. Wakipungua, mji unakuletea mtu wake, asiyejua hata kisima kiko wapi. Majirani zetu bondeni yaliwakuta hayo. Nasi, majira yale ya baridi, mji ulikuwa utuhesabu Ijumaa, na hadi Jumatano tulikuwa mia tatu na hamsini kamili.

Alhamisi alfajiri akafariki Kancho, mume wa Nedyalka.

Meya Delcho alifika kabla marehemu hajaoshwa. “Shangazi, pole sana. Lakini ukimwandika Jumatatu, nani ataumia? Baridi hii, mzee hataharibika.”

Nami, jirani yake, nikatia langu: “Siku nne tu, shoga. Na karatasi za tanzia usibandike kwanza.”

Kwetu picha ya marehemu hubandikwa getini siku hiyohiyo. Geti tupu maana yake humo ndani wote wazima. Siku nzima geti la Nedyalka lilikaa tupu. Muuza mkate akapita, akauliza, “Mzee anaendeleaje?”

“Amelala,” akasema Nedyalka.

Nikafurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kweli.

Ijumaa saa tatu asubuhi simu ya mjini ililia ofisini. Tulikuwepo mimi na Delcho, tumemsimamia kama askari. Sauti ikauliza Suhi Brod mko wangapi. Nedyalka alilitazama daftari, akalifunga.

“Mia tatu arobaini na tisa,” akasema. “Mume wangu alifariki jana alfajiri.”

Delcho akakaa chini. Mimi sikujizuia. “Umetuuza, Nedyalka. Kijiji kizima, kwa ajili ya maiti.”

“Jana nilisema amelala,” akanijibu, huku akitafuta kalamu. “Siwezi kulisema neno hilo mara ya pili.”

Akamwandika mumewe kwa mkono wake, akagonga muhuri, akatoka kwenda kubandika picha getini.

Kufika majira ya kuchipua, ofisi ilikuwa imefungwa. Sasa mtu wa mjini huja Jumanne, akipenda.

Siku ya arobaini Nedyalka alichemsha ngano ya marehemu, sufuria kubwa, ya kutosha kijiji kizima, kama desturi yetu ilivyo. Nilimwona dirishani akipanga bakuli uani. Walikwenda watu wanne. Toka mlango wangu hadi wake ni hatua ishirini, nami sikwenda.