Mgongo wangu, shubiri ya mke wangu, na maombi niliyosusa

Wakuu, heshima kwenu wote. Naandika kitu kilichonikuta mimi mwenyewe huku Karatu, na chumvi sijatia. Kama habari za Mungu si zako, kaa usome tu, hakuna kiingilio.

Mimi ni driver guide. Au niseme nilikuwa.

Miaka mingi nimepeleka wageni kreta na kuwarudisha. Ile rough road ya Ngorongoro inakula mgongo wa mtu, madereva wenzangu wanajua. Wangu ukaliwa. Daktari akatazama picha akasema nikiendelea kushika usukani, nitakuja kushindwa kutembea.

High season, msimu wa wageni wengi, ndiyo kwanza inaanza. Nikarudi nyumbani Endabash, kukaa.

Na ni kukaa kweli. Jembe siwezi, ndoo siwezi. Mke wangu, Mama Ema, anaenda kulima mbaazi, mimi nabaki na Ema, mwanetu anayekaribia miaka miwili. Mwanaume mzima nafukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa.

Mzee wa kanisa akaja kunitembelea. Akanywa chai, akasema, "Kijana wangu, usikate tamaa. Baba humrudi mtoto anayempenda."

Nikamjibu, "Mzee, basi awapende na wengine kidogo. Mimi nimetosheka."

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Kuanzia hapo nikaacha kuomba. Mke wangu akiombea chakula, mimi natazama sahani. Niliona Mungu ananionea, period.

Sasa sikieni.

Ema alikuwa amegoma kula. Uji anatema, ugali anamtupia mbwa, anataka ziwa tu. Kliniki wakasema uzito umesimama, mtoto lazima ale. Mama Ema akafanya wanachofanya akina mama wa huku. Akakata shubiri pale uani, akapaka utomvu wake kwenye matiti.

Kwa msioijua, shubiri ni chungu kuliko dawa yoyote uliyowahi kumeza.

Ema akaja mbio kama kawaida yake, akanyonya. Ule uso sitausahau. Akamtazama mama yake kwanza, kama anayeuliza umenifanya nini. Halafu kilio.

Aliyeshindwa kuvumilia ni mimi. "Mama Ema, osha hiyo kitu! Unamtesa mtoto."

"Baba Ema, kwani mimi siumii?" Na kweli machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikiosha atanifurahia leo, ila ataendelea kukonda. Lete uji."

Nikanyoosha mikono nimchukue mtoto. Wakuu, akanikataa! Mimi niliyekuwa namtetea!

Akamng'ang'ania mama yake shingoni, akafuta kamasi na machozi kwenye kanga yake, akalilia pale pale kifuani palipomuumiza. Alilia mpaka akachoka. Kijiko cha uji kikaingia.

Nikatoka, nikakaa nyuma ya zizi. Nilijionea aibu, nasema ukweli.

Ema hakuelewa lolote kuhusu uzito wala kliniki. Alichojua ni kwamba yule ni mama yake. Mimi uchungu wangu niliubeba nikaondoka nao mbali na Mungu.

Nikaomba pale pale. Haikuwa sala nzuri. Nilimwambia Mungu inauma, sielewi, na siendi kwingine.

Mgongo haujapona, nisiwadanganye. Usukani sijashika tena. Lakini Ema siku hizi anakula makande mpaka anaomba tena, na anayemlisha ni mimi. Zamani nilikuwa nikirudi kutoka safari ananikimbia kama mgeni.

Nilichojifunza ni hiki: kurudiwa na Mungu si kutupwa. Na kulia ruksa kabisa, ila lilia kwake.

Waliopitia, tupeni yenu. Na mnaoona najifariji tu, semeni pia, nitasoma zote. Si mnajua siwezi kulima.