Tuta Nililolipalilia Vizuri Mno

Jambo hili naona aibu hata kulisimulia, na mpaka leo nikikuta mafungu ya mchicha sokoni huwa naangalia pembeni.

Mama mdogo Zaituni, aliyenilea, amepanga chumba Ujiji miaka yote, na alichokitamani ni nyumba moja iliyobaki kwenye ule mtaa mpya wa mlimani, uliopangwa nyumba zikizunguka shamba, kila mkazi analima humo na kula humo. Utaratibu wao ni kwamba anayeomba nyumba huja na ndugu yake, wanafanya kazi asubuhi moja, kisha wakazi wanakaa kuamua. Ndugu mwenyewe nilikuwa mimi (na shahada yangu ya kilimo, ambayo mama mdogo aliitaja getini kabla hata salamu hazijaisha).

Bi Tatu, msimamizi wa shamba, akanipeleka kwenye tuta la mwisho, nyuma ya mboga.

"Palilia hili, mwanangu. Wewe msomi, sina haja ya kukuelekeza."

Nikaliangalia. Mchicha umejaa, na katikati yake vimea vyembamba kama nyasi. Nikawaza nimuulize, lakini nikiuliza ataona shahada yangu ni karatasi tu, nisipouliza nikakosea itakuwa balaa, lakini kwani nani asiyeujua mchicha, basi nikainama. Kimea cha kwanza kilitoka na kokwa la chikichi mzizini, nikasita (hapo ndipo Mungu aliponipa nafasi ya mwisho), kisha nikajijibu kwamba Kigoma nzima chikichi likidondoka linaota lenyewe. Nikang'oa vyote. Mchicha nikaumwagilia maji.

Bi Tatu akarudi, akaliona tuta. Alishika kichwa.

"Miche iko wapi?"

"Ipi, mama?"

"Ya michikichi! Miezi yote hii nailea. Huo mchicha umejiotea tu, ndio niliotaka uutoe!"

Mzee mmoja nyuma yake akasema, "Kaacha magugu, kang'oa shamba. Msomi huyo!"

Watu wakacheka, mpaka walipoona mama mdogo amepiga magoti kwenye rundo langu la miche, anachagua yenye mizizi mizima, anairudisha udongoni mmoja mmoja. Jua lilikuwa limeshainyausha.

Nyumba ilipewa familia nyingine. Wakati wa kurudi Ujiji hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeuliza, baba."

Siku hizi kila Jumamosi napanda kule mlimani kumsaidia Bi Tatu kuotesha miche mingine, bila kuitwa na mtu. Mama mdogo ameandikwa kwenye orodha ya nyumba zitakazojengwa baadaye, ingawa hakuna aliyemwahidi kitu. Nimeapa sing'oi hata jani bila kuuliza. Juzi nilimwita Bi Tatu kutoka mwisho wa shamba aje aone jani moja. Akaja, akaliangalia, akaniangalia na mimi.

"Hilo gugu, msomi. Ng'oa."

Nikamuuliza mara ya pili, ndipo nikang'oa.