Kofia Ndefu ya Dada Zuhura

Laiti ningemwambia mama sitaki. "Abdu, baki na kofia ya dadako, isipate mvuke," alisema, wakitoka na Zuhura kununua uzi. Nilijua nilichokuwa nacho moyoni, na bado nikajibu, "Haya, mama." Hadi leo harufu ya gundi iliyolowa hunirudisha kwenye chumba chetu cha Kilburn.

Tulikuwa tumetoka Unguja baada ya mapinduzi. Kule, kila Idi mama alinishonea kofia mpya ya viua, tundu kwa tundu, nami nikatembea nayo shingo juu kama jogoo. London akapata kazi ya kuishonea karakana ya mavazi ya maigizo kofia za Wazungu wa kale: za mabwana, zenye mkia wa kitambaa unaozungushwa shingoni, na za mabibi, ndefu, zenye ncha na shela jepesi. Yangu ya Idi ikalala ndani ya kopo la biskuti, imeshonwa nusu. Aliyekaa ubavuni mwa mama sasa ni Zuhura, mwenye miaka kumi na minne. Mimi nilikuwa na kumi, na nilikuwa nikihesabu kila mara mama alipomwita "fundi wangu".

Kofia ile ya ncha Zuhura aliishona peke yake. Bibi mwenye karakana alisema akiipenda atamchukua kumfundisha kazi.

"Usiijaribu," Zuhura alinitania akiwa mlangoni. "Kichwa chako kama fenesi, utaipasua!"

Mama alicheka hadi akashika ukuta. Kicheko kile ndicho kilichonichoma.

Nikachemsha maji. Nilikuwa nimemwona mama akilegeza kitambaa cha gundi kwa mvuke ili akikunje. Nikaishika kofia juu ya birika. Ncha iliinama taratibu, kisha yote ikasinyaa mikononi mwangu.

"Imelegea yenyewe," niliwaambia waliporudi. "Gundi yake ilikuwa mbichi."

"Nilikwambia uiache ikauke siku mbili!" mama akamfokea Zuhura. "Pupa tu!"

Zuhura aliichukua kofia, akaichunguza mishono yake. Karakana haikumchukua. Alisafisha maofisi mpaka akastaafu, na sindano hakuishika tena.

Nilichelewa sana kuelewa kwamba mama hakunipunguzia mapenzi. Alikuwa akimtafutia binti yake njia katika nchi ngeni. Mwaka juzi nilikwenda kwa Zuhura, Ilford, nikamweleza ukweli.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni mikono yangu."

Tangu siku ile hapokei simu zangu. Wivu wangu ulimnyima dada yangu kazi aliyoipenda, na mimi ukaninyima dada.