Mjukuu Wangu, Mtani Wangu na Choo cha Bustani

Mjukuu wangu aliingia siasa kwa sababu ya kibofu changu. Wengine huingia kwa ajili ya nchi, wengine kwa ajili ya gari lenye bendera. Huyu wangu aliingia kwa sababu bibi yake alikuwa hawezi kukaa kwenye bustani ya Bredäng, mtaa wetu huku Uswidi, hata amalize chupa ya chai.

Bustani yenyewe siwezi kuisema vibaya. Ina nyasi, ina miti, inateremka mpaka ziwani. Kiangazi kikifika wanawake wa Kiswahili tunakutana pale, Watanzania, Wakongo, Warundi, kila mmoja na Kiswahili chake na maandazi yake. Lakini choo hakuna. Ukibanwa, upande kilima mpaka nyumbani, na wengi wetu tuna sukari na magoti mabovu. Mama mmoja Mrundi siku ya kuja bustanini alikuwa hanywi kitu tangu asubuhi, kama amefunga.

Nikamwambia mjukuu wangu, "Mke mwenzangu, watu wa nchi hii wametoboa mwamba wakapitisha treni chini yake. Choo kimewashinda?"

Namwita mke mwenzangu kwa sababu ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike kwetu pwani. Yeye kazaliwa hapahapa. Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiswidi, na tunaelewana vizuri kuliko watu wengi wenye lugha moja.

"Vyoo vya bustani ni kazi ya bodi ya bustani, Bibi," akasema.

"Basi ingia kwenye bodi."

"Huingii tu. Ni siasa."

"Basi ingia siasa. Utashindwaje na mdomo huo uliourithi kwangu?"

Akacheka. Lakini baada ya wiki chache akajiunga na chama.

Nilisoma mpaka darasa la nne tu, kwa hiyo nitaeleza nilivyoelewa mimi. Bodi hiyo watu hawaipigii kura moja kwa moja. Unapigia kura chama, na kama una mtu wako, unaweka alama mbele ya jina lake. Baadaye chama kinagawa viti. Ukipata alama nyingi wanakuheshimu. Ukipata chache, unabaki kugawa karatasi mvua ikinyesha.

Mara ya kwanza alibaki kugawa karatasi mvua ikinyesha. Sishangai. Kampeni za hapa zinatia huruma. Hakuna ngoma, hakuna kanga mpya, hakuna hata mtu wa kupiga vigelegele. Chama kinaweka kibanda cha mbao pale uwanjani karibu na stesheni, wanapanga birika la kahawa na mikate ya mdalasini, halafu wanasimama wakiongea polepole kama watu waliofiwa na mtu wasiyempenda. Nilijitolea kuleta ngoma. Mama mmoja wa chama, mrefu, miwani inaning'inia shingoni, akamwambia mjukuu wangu kwamba bibi ana moyo mzuri sana. Nimekaa na watu hawa miaka mingi. Najua hiyo maana yake ni hapana.

Watu walikunywa kahawa, wakala mikate, wakaenda zao. Mjukuu wangu akapata alama za mama yake, za wenzake kazini na za wanawake wa bustanini. Kiti akapewa mtu mwingine, na sisi tukaendelea kupanda kilima tumebana miguu.

Uchaguzi uliofuata akagombea tena. Safari hii mama wa miwani alimwambia waziwazi: ukishindwa tena, jina lako tunalishusha mpaka chini. Yaani hakuna tena bodi, hakuna choo. Mjukuu wangu akakonda. Akawa anafanya mazoezi ya hotuba mbele ya friji langu.

Sasa nimlete mtani wangu. Ni mzee wa Kinyamwezi anayekaa mtaa wa Rinkeby, mwembamba, anavaa kofia ya manyoya hata jua likiwaka. Mimi Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wao walipokuwa wanabeba mizigo kuja pwani. Mtani ana haki ya kukutukana, kuchukua kitu chako, kukuharibia shughuli yako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ya matanga ya mume wangu, mzee huyu alivaa koti la marehemu akatembea ukumbini kwa mwendo uleule wa marehemu, akidai apewe nyama kwanza kwa sababu yeye ndiye aliyekufa. Mjukuu wangu alikuwa bado msichana mdogo. Alilia kwa hasira, halafu katikati ya kulia akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Watu wazima tukacheka naye. Ndiyo kazi ya mtani. Asipokuja kukutukana, ujue huna maana duniani.

Kwa hiyo Jumamosi moja ya kampeni, akaja kumpa mjukuu wangu heshima yake.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mjukuu wangu amesimama mbele ya kibanda anasoma hotuba ya friji, mimi nimekaa kwenye kiti cha kukunja, nimevaa gauni la Idi. Mara nikaona kofia ya manyoya inatokea stesheni.

"Msimchague huyo!" akapiga kelele kwa Kiswidi chake cha kuvunjika. "Namjua! Ukoo wao wote wavivu! Waliuza mashamba wakacheza ngoma! Bustani zenu atazicheza ngoma!"

Mama wa miwani akaweka kikombe chini. Mzee akasogea mpaka mezani, akalibeba lile sinia zima la mikate, akatangaza, "Hii haki yangu," akaanza kuondoka nayo.

Mimi damu ya kwetu ikachemka kwa furaha. "We mpagazi!" nikamwita kwa Kiswahili. "Babu yako alipofika pwani akaona bahari, akauliza nani kamwaga maji yote haya! Leo umezoea kubeba mpaka mikate ya watu!"

"Na babu yako alikuwa wapi? Amelala!"

"Amelala kwake! Wako alilala njiani!"

Wanawake wa bustanini wameanza kushikana mabega kwa kicheko. Lakini Waswidi, masikini, wamekauka. Wao wameona mzee anamtukana mgombea, anaiba chakula, na bibi wa mgombea anamfokea. Mama wa miwani akawapungia mkono walinzi wa stesheni, wawili wenye mikanda minene, nao wakaanza kuja. Halafu akamshika mjukuu wangu kiwiko. Nilimsikia vizuri. "Sema sasa hivi mbele ya watu kwamba humjui na unalaani alichofanya. Usiposema, tumekwisha."

Mjukuu wangu akanitazama. Nikajitia kunyoosha gauni. Mwenye utani wake hafundishwi mbele ya watu. Lakini nilikiona choo changu kinaondoka pamoja na ile mikate.

Akaikunja hotuba. Akatembea polepole mpaka kwa yule mzee. Walinzi wameshafika. Akanyoosha mkono, akamvua mzee ile kofia ya manyoya, akaivaa yeye.

"Mpagazi," akasema. Kwa Kiswahili! Kiswahili chenye lafudhi ya theluji, lakini Kiswahili. "Rudisha mzigo wangu, au kofia hii nampa bibi afanye chungio la nazi."

Mama mmoja Mkongo alipiga kigelegele mpaka njiwa wakaruka. Mzee akashika kichwa chake kisicho na nywele, akalia kilio cha uongo, akapiga magoti na mikate yake. Hapo mjukuu wangu akawageukia Waswidi na walinzi, kofia imemziba nusu ya macho, akawaeleza kwa Kiswidi: huyu si adui, huyu ni mtani wetu, kwetu mgombea asiyetukanwa hadharani ni mgombea asiyependwa. "Na ukoo wangu umo kweli," akaongeza. "Nataka kuingia bodi ya bustani kwa ajili ya bibi yangu. Yule pale. Anataka choo."

Watu wote wakanigeukia. Nikawapungia mkono. Nifanyeje?

Mlinzi mmoja, kijana wa Kisomali, akachukua mkate kutoka kwenye sinia, akala. Basi mambo yakaisha.

Tangu siku ile kila Jumamosi mzee alikuja na matusi mapya, na watu walianza kumngoja. Walitoka hata Sundbyberg, kule upande wa pili wa jiji, kuja kumsikia. Vizee vya Kiswidi vilivyokuwa vinapita na mikokoteni yao ya kujishikiza vilisimama, na mmoja akaninong'oneza kwamba hata yeye siku za kuja ziwani hanywi kitu. Kumbe! Miaka yote tumebanwa pamoja, kila mtu na lugha yake.

Alama zikaja, nyingi. Chama kikampa kiti. Mama wa miwani alinikumbatia. Safari hii hakusema nina moyo mzuri.

Msifikiri choo kilijengwa kesho yake. Kwenye bodi ile walijadili mavi ya mabata bukini kuanzia vuli mpaka masika. Mabata yana watetezi wengi. Mjukuu wangu kila mkutano aliinua mkono akasema habari ya choo, mpaka nadhani walikipitisha ili anyamaze. Hiyo kaitoa kwangu.

Siku ya ufunguzi nilikunywa vikombe vitatu vya chai makusudi, nisije nikaingia bure. Utepe umefungwa, mkubwa wa bodi ameshika mkasi, ameanza hotuba. Ndefu! Nikaona kofia ya manyoya inapita chini ya utepe. Mlango ukafunguka, mlango ukajifunga.

"Mpagazi, toka!" nikagonga.

"Mtani hutangulia," akajibu kutoka ndani. "Humu kuna joto. Sitoki mpaka uniombe kwa adabu."

Mkubwa wa bodi akamuuliza mjukuu wangu kuna nini. "Anasema anashukuru sana," akajibu, uso mkavu.

Mimi sijawahi kumwomba Mnyamwezi kitu. Lakini chai haina ukoo. "Naomba, mheshimiwa mpagazi," nikasema mbele ya umati, na wanawake wa bustanini wakaangua kicheko.

Akatoka anafuta mikono kwenye kanga yangu. Nikaingia. Safi, taa zinawaka zenyewe, na ukutani kulikuwa na ndoano ya kutundikia mkoba, imewekwa chini, kwa kimo changu. Niliwahi kumwambia mjukuu wangu mara moja tu kwamba vyoo vya nchi hii ndoano zimewekewa twiga. Nikatundika mkoba, nikakaa. Nje walikuwa wanampigia makofi mke mwenzangu, na mimi nikawa sina haraka yoyote.

Mlango ukagongwa. "Mzaramo! Umehamia?"

"Nimehamia!" nikamjibu. "Niletee mizigo!"