Alimuuza Nani?

Harufu ya betri iliyopigwa na jua ndiyo inayonirudishia mwaka ule. Baba alizianika betri za redio juu ya bati, kando ya dagaa, ili zipate nguvu kidogo, na jioni nyumba yetu ya Uvira ilinuka samaki na mafuta ya taa. Ndipo redioni ilipoingia sauti ya Wachina, ikisema Kiswahili safi kuliko chetu, ikimsifu jenerali wao: mtoto wa mkulima aliyevusha askari wake milima ya theluji, akashinda vita, akawa waziri. Theluji tuliijua katika Zaburi tu. Jina la mtu huyo lilimshinda baba kulitamka, kwa hiyo mdogo wangu alipozaliwa akamwita Jenerali, basi.

Juma la ubatizo, sauti ile ile ikasema jenerali ni msaliti. Sisi watoto wa mwinjilisti tulimjua msaliti mmoja, Yuda, na aliyeuzwa tulimjua pia. Nikauliza, "Baba, huyu alimuuza nani?" Baba akaitikisa redio, akazitoa betri na kuzirudisha, kana kwamba kosa lilikuwa humo. Mama akasema mpanda ngazi hushuka, na mwanawe hatabatizwa kwa jina la Yuda, aitwe Petro. Shangazi akamkumbusha kwamba Petro naye alimkana Bwana. Majirani wakawa wanapita mlangoni wakiuliza kama msaliti ameshashiba maziwa. Jumapili mchungaji alipouliza jina, mama aliinamisha kichwa, nami sikujua nimwombee nani, Jenerali au Petro. Baba akasema, "Jenerali. Mtoto hajamuuza mtu."

Leo niko ng'ambo, Columbus, baada ya kufikia kwanza Louisville, na Jenerali yuko Buffalo, ambako huondoa theluji mlangoni kwa koleo na vijana wa kiwandani anakofanya kazi humpigia saluti. Mungu ametutunza, nashukuru. Majuzi nilimsimulia mjukuu wangu habari za jenerali wa redioni na milima ile, akapekua simu, akanisomea: chama kile kile cha Wachina kilichomwita jenerali wao msaliti kilimsafisha jina alipokwisha kufa. Nikampigia mdogo wangu. Alicheka mpaka akakohoa. "Dada, kwa hiyo na mimi nimesafishwa?" Nikamwambia yeye alisafishwa siku ile, kwa maji.

Lakini simu ilipokatika nilibaki nimeishika. Nimesoma Neno maisha yangu yote, na bado sielewi watu wanavyomtwika mtu dhambi kwa tangazo na kumtua kwa tangazo. Mjukuu hupata jibu la kila kitu kwa kidole. La swali langu hakulipata. Basi ninaposali namwombea Jenerali kwa jina lake, na kwa kuwa sijui yule Mchina alimuuza nani, au kama alimuuza mtu, namwacha humo humo ndani ya jina, wawili pamoja.